Kutoka Kipande cha Baba hadi Kibao cha Mtoto: Shule za Bweni za Thika na Ruiru na Wajibu wa Mwalimu wa Fasihi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, ikiwa umesoma au umefundisha katika shule yoyote ya bweni kati ya Ruiru na Thika, yamkini umewahi kukiona, au umewahi kukivisha: kipande cha ubao, au kifuniko cha mkebe kilichotobolewa tundu na kutiwa uzi. Mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivikwa shingoni, naye akatembea nacho hadi amnase mwenzake kwa kosa lilo hilo. Jioni ilipofika, kiranja alifuata mkondo wa kibao, kutoka shingo hadi shingo, na wote waliokivaa wakaadhibiwa. Wengine walikiita diski. Katika makala haya tutakiita kibao.

Makala haya yananuia kujibu maswali matatu. Kwanza, kibao hiki kilitoka wapi? Pili, kilimwachia nini mtoto aliyekivaa, ambaye leo ni mzazi au hata babu? Tatu, mwalimu wa Kiswahili na fasihi anaweza kufanya nini ili jeraha hilo lipone? Hoja yetu ni kwamba jeraha hili lilitiwa kupitia lugha, na kwa hivyo litaponywa kupitia lugha. Hata hivyo, hatuwezi kuwa waganga kabla ya kukiri kwamba baadhi yetu tulikuwa miongoni mwa waliojeruhi.

Ieleweke mapema kwamba hatudai kuwa shule za bweni zilileta madhara matupu. Shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, iliwapa elimu watoto ambao pengine wangefichwa nyumbani maisha yao yote. Mang'u, shule ya wamisionari wa Kikatoliki ambayo baada ya uhuru ilihamia karibu na mji wa Thika, iliwasomesha Tom Mboya na Mwai Kibaki. Historia ya haki huyataja mema na mabaya pamoja. Tatizo letu ni kwamba mema tumeyasimulia kila siku ya kutoa zawadi, ilhali mabaya tumeyaacha yasimuliwe kama vichekesho.

Usuli: kipande cha baba

Ulimwengu ulipata kuifahamu Thika kwa njia ya utoto, lakini si utoto wa Mwafrika. Elspeth Huxley aliletwa na wazazi wake walowezi akiwa mtoto mdogo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka wa 1959 akachapisha The Flame Trees of Thika, kitabu kilichosomwa kote na kuigizwa katika runinga mwaka wa 1981. Ni kumbukumbu za mtoto aliyeishi nyumbani kwao na wazazi wake. Sasa jiulize, msomaji: mtoto wa mchuma kahawa wa Ruiru, au wa mkata mkonge wa Thika, aliandikiwa wapi utoto wake?

Reli ilifika Thika mwaka wa 1913. Mashamba ya kahawa na mkonge yakapanuka, nayo yalihitaji mikono mingi. Ili kuidhibiti mikono hiyo, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya usajili mwaka wa 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya vita, kuanzia 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri uliowekwa alipaswa kubeba kipande, yaani hati yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake. Hati hiyo ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, na kikebe kikaning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina hilo lilikuwa uhakiki tosha: mchungaji amegeuzwa kuwa mfugo.

Harry Thuku, aliyesomea misheni ya Kambui, si mbali na Ruiru, alikuwa miongoni mwa waliokipinga kipande hadharani. Alikamatwa Machi 1922, na mnamo Machi 16 polisi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Kipande hakikuondolewa mpaka mwaka wa 1947.

Tunaanza na historia hii ya wazazi kwa sababu moja. Mtoto aliyevikwa kibao shuleni hakukutana na jambo geni. Alikuwa amekwisha kumwona baba yake akiwa na kitu shingoni kilichosema kwamba mwili wake una mwenyewe. Hatudai kwamba aliyebuni kibao alikiiga kutoka kwa kipande. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyejua kimoja hakuhitaji kufafanuliwa maana ya kingine.

Bweni la misheni na jina jipya

Kabla ya kibao palikuwa na jina. Kijana Kamau wa Ngengi, kutoka eneo la Gatundu, alifika misheni ya Waskoti ya Thogoto mnamo 1909, akalala hapo na kusoma hapo, na alipobatizwa mwaka wa 1914 akatoka akiitwa Johnstone. Jina la Jomo Kenyatta, tunalolijua sote, lilikuja kutokea kwenye jalada la Facing Mount Kenya mwaka wa 1938. Zaidi ya miaka 20 ilipita kati ya jina alilopewa na jina alilojichagulia. Hali kadhalika, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika vitabu vyake vya kwanza kwa jina la James, kisha akalitupa katika miaka ya 1970. Mhakiki hapaswi kuyaona haya kama mambo madogo ya utambulisho wa mwandishi. Kujipa jina upya ni miongoni mwa hatua za awali kabisa za uponyaji tunazoweza kuzionyesha kwa tarehe.

Hapa ni sharti tutaje jambo ambalo linaitofautisha historia yetu na za kwingineko. Wazazi wa Kiambu na Murang'a waliitafuta shule wenyewe. Mgogoro wa tohara ya wasichana ulipozuka mwaka wa 1929, na misheni kadhaa zikawafungia milango wazazi waliokataa kula kiapo cha kuiacha mila hiyo, wazazi hao hawakusema basi watoto wetu wasisome. Walichanga fedha, wakakata miti, wakajenga shule zao za kujitegemea, za Karing'a na za chama cha KISA. Mwaka wa 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri, kikiongozwa na Mbiyu Koinange. Kiu ya elimu ilikuwa ya watu wenyewe. Kilichokuwa kikigombaniwa ni iwapo mtoto anaweza kupata kitabu bila ya kunyang'anywa nafsi yake.

Mwaka wa 1952 na kuzuka kwa kibao

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Chuo cha Githunguri kilifungwa pamoja na shule nyingi za kujitegemea, na nyingine zikawekwa chini ya halmashauri za elimu zilizosimamiwa na Waingereza. Mtoto aliyekuwa akifundishwa na mwalimu aliyemwamini alijikuta ama hana shule, ama yuko katika shule ileile iliyogeuzwa sura.

Ngũgĩ, aliyezaliwa Limuru mwaka wa 1938 na kusoma katika shule hizo, ndiye aliyetuachia ushahidi unaofahamika zaidi. Katika Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka wa 1986, anaeleza jinsi Kiingereza kilivyotawazwa baada ya 1952, jinsi mtoto aliyenaswa akizungumza Kikuyu alivyochapwa, au kuvikwa shingoni bamba la chuma lenye maandishi ya kumwita mpumbavu au punda, na jinsi kitufe kilivyozungushwa kutoka mkono hadi mkono ili watoto wenyewe wafichuane. Tukizingatia kwa makini, adhabu hii ilikuwa na mafunzo mawili. La kwanza lilikuwa kwamba lugha ya mama yako ni aibu. La pili, ambalo mara nyingi tunalisahau, lilikuwa kwamba usalama wako unategemea kumsaliti mwenzako. Mtoto alifunzwa ujasusi katika miaka ileile ambayo wazee wake walikuwa wakifichuliwa na watu waliovikwa magunia usoni.

Aidha, tusisahau kilichokuwa kikitendeka nje ya ua la shule. Katika miaka ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa kwa silaha. Ngũgĩ alijiunga na Alliance mwaka wa 1955. Katika tawasifu yake ya mwaka wa 2012, In the House of the Interpreter, anasimulia jinsi alivyorejea likizoni baada ya muhula wa kwanza na kukuta nyumba yao haipo tena, watu wamehamishiwa kijiji kipya.

Tukio hilo linatulazimu kuwa waangalifu katika hukumu zetu. Bweni lililomkataza mtoto lugha yake ndilo lililompa kitanda, chakula na usalama wakati nyumba yao ilipobomolewa. Je, mtoto atalichukiaje? Na je, atalipendaje? Ndiyo sababu wengi waliopitia mabweni hayo hawapendi kuyazungumzia ila kwa mzaha. Hawana neno la kitu ambacho ni kimbilio na jeraha kwa wakati mmoja.

Baada ya uhuru: bendera ilibadilika, kibao kikabaki

Swali linalozuka ni hili: mbona kibao hakikuondoka na mkoloni mwaka wa 1963? Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini, lakini mtihani ulibaki wa Kiingereza, na palipo na mtihani ndipo mwalimu anapoelekea. Kiswahili kilipata hadhi ya somo la lazima na la kutahiniwa kwa kuja kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985. Nacho kiboko kilikubaliwa kisheria hadi mwaka wa 2001.

Sisi walimu wa Kiswahili hupenda kujiona kama tuliodhulumiwa katika historia hii, na kwa kiasi fulani ni kweli. Katika shule nyingi Kiswahili kilitengewa siku moja au mbili za juma, na siku nyinginezo mwanafunzi aliyekizungumza alivikwa kibao sawa na aliyezungumza Kikamba au Kikuyu. Lakini ukweli haukomei hapo. Siku zetu zilipofika, wengi wetu tulikichukua kibao kilekile na kukitumia kwa niaba ya Kiswahili.

Mimi ni mmoja wao. Nilikivaa nikiwa mwanafunzi katika miaka ya 1970, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikivisha wengine, nikiamini kwamba natetea lugha ya taifa. Nakumbuka msichana mmoja wa kidato cha kwanza, mtoto wa kibarua wa shamba la kahawa, aliyekuja akijua Kikuyu safi na Kiswahili cha kuokoteza. Alikivaa kibao juma zima kwa sababu hakuwa na moyo wa kumnasa mwenzake. Ijumaa nilimsimamisha mbele ya darasa, nikasema neno la kuchekesha kuhusu matamshi yake. Darasa likacheka. Baada ya siku hiyo hakuzungumza darasani kwangu hadi alipomaliza kidato cha nne. Insha zake zilikuwa nzuri, nami nikajipongeza kwamba dawa imefanya kazi.

Miaka mingi baadaye mwanamke mmoja alinisimamisha katika kituo cha matatu mjini Ruiru.

"Mwalimu, hujambo? Umenisahau?"

Nikamwambia uso naukumbuka, jina limenitoroka.

"Mimi ndiye uliyenivika kibao juma zima."

Nilicheka, kama tunavyocheka sote. Yeye hakucheka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Aliniambia kwamba mama yake sasa ni mkongwe, anaishi naye, na wajukuu hawawezi kuzungumza naye. "Niliapa wanangu hawatachekwa," akasema. "Nikawalea kwa Kiingereza na Kiswahili. Sasa nyanya yao akiwasimulia jambo, mimi ndiye mkalimani. Na nikienda kazini, wanakaa kimya wote, nyumba nzima."

Matatu ilijaa, akapanda, akaniaga kwa heshima zote. Tangu siku hiyo sijakisimulia kibao kama kichekesho. Nilikuwa nikidhani adhabu ile ilimalizika Ijumaa ile. Kumbe ilikuwa ikiendelea katika nyumba ya Ruiru, miongoni mwa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa nilipoitoa.

Wengine wamefanyaje: mfano wa Kanada

Kenya haikuwa peke yake. Nchini Kanada, kwa zaidi ya miaka 100, takriban watoto 150,000 wa wenyeji asilia walipelekwa katika shule za bweni zilizofadhiliwa na serikali na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na makanisa. Huko palikuwa na sheria ya kulazimisha, hasa baada ya marekebisho ya mwaka wa 1920. Watoto walikatazwa lugha zao, walinyolewa na kutenganishwa na ndugu zao. Wengi walipigwa na kunajisiwa, na maelfu walifia huko. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990.

Tusijilinganishe nao kipofukipofu. Kwetu wazazi walilipa karo na kuomba nafasi, ilhali kwao mtoto alichukuliwa. Kwetu waliosoma walikuja kuitawala nchi, ilhali kwao wenyeji walibaki wachache katika nchi ya wageni. Hata hivyo, namna wanavyotafuta uponyaji ina mafunzo kwetu.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuusikia ushahidi. Walionusurika waliishtaki serikali na makanisa. Mwaka wa 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ikaanza kazi iliyomalizika mwaka wa 2015. Zaidi ya mashahidi 6,500 walisikizwa. Tume ikasema kwamba yaliyotendeka yalikuwa maangamizi ya kitamaduni, ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua, baadhi yake ikihusu kuzifufua lugha. Jambo la pili ni kwamba hadithi ndogo ilipewa nafasi kubwa. Phyllis Webstad alikuwa na umri wa miaka 6 mwaka wa 1973 alipopelekwa shuleni akiwa na shati jipya la rangi ya machungwa alilonunuliwa na nyanya yake. Shati hilo alivuliwa siku ya kwanza, na hakurudishiwa. Leo, kila Septemba 30, Wakanada wengi huvaa shati la rangi hiyo.

Nasi je? Kenya ilikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, lakini kipindi ilichopewa kuchunguza kilianzia Desemba 12, 1963. Mwezi uliofuata, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Hatua hizo zote mbili zilikuwa muhimu. Hata hivyo, hakuna kati ya hizo iliyomuuliza mzee wa Gatundu au Ruiru kuhusu kile alichovikwa shingoni akiwa darasa la tatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Maradhi haya hayajafichuliwa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kunusurika kupitia kalamu

Ambapo tume haikufika, fasihi ilitangulia. Mugo Gatheru aliandika Child of Two Worlds mwaka wa 1964, naye Charity Waciuma akachapisha kumbukumbu za utoto wake, Daughter of Mumbi, mwaka wa 1969. Hizi ni tawasifu za watu waliokulia katika mvutano huohuo wa nyumbani na misheni. Angalia, hata hivyo, kwamba walisimulia jeraha kwa lugha iliyokuwa chombo cha kujeruhia. Hatuwalaumu, maana hiyo ndiyo kalamu waliyopewa. Lakini nyanya aliyesimuliwa ndani ya vitabu hivyo hakuweza kuvisoma.

Ndiyo maana tukio la Kamirithu lina uzito katika mada hii. Mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi wa Limuru waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa Kikuyu, katika ukumbi waliojijengea wenyewe. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo, na Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila mashtaka. Mara nyingi tunalifundisha tukio hili kama la kisiasa tu. Nakuomba ulifikirie pia kama tukio la watu ambao lugha yao ilikuwa imeitwa ya kipunda, nao wakapanda jukwaani na kuizungumza kwa sauti kubwa mbele ya wana wao.

Katika Kiswahili, mwalimu hana haja ya kwenda mbali. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyochapishwa mwaka wa 2014 na kuwa kitabu teule cha KCSE, ina shule ya Tangamano. Humo Umulkheri na wenzake, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, wanasimuliana yaliyowasibu. Tumezoea kuwauliza wanafunzi watoe mifano ya maudhui ya ukimbizi au haki za watoto kutoka katika masimulizi hayo. Swali ambalo hatuulizi ni: kwa nini mwandishi aliwaweka wasimuliane shuleni? Kila msichana anapogundua kwamba si yeye peke yake, mzigo wake hupungua. Mwandishi amelichukua bweni, mahali ambapo kizazi kilichotangulia kilifunzwa kufichuana, akaligeuza mahali pa kusikizana. Katika hatua hii naiona Chozi la Heri kuwa jibu kwa kibao, hata kama mwandishi wake hakukitaja.

Mwalimu afanye nini darasani?

Tunapendekeza mambo manne, yote yakiwa ya kutendeka bila fedha na bila kungoja waraka kutoka wizarani.

Kwanza, kibao kiondolewe kabisa, hata kile cha kutetea Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na rasmi, na papo hapo inaitaka serikali ilinde na kuendeleza lugha za wenyeji. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza adhabu ya viboko na pia mateso ya kiakili. Mwalimu anayetaka Kiswahili kizungumzwe na akifanye kitamu.

Pili, fasihi simulizi itoke kitabuni. Mpe mwanafunzi kazi ya likizo: amhoji nyanya, babu au jirani mzee kuhusu siku yake ya kwanza shuleni. Amhoji kwa lugha ya mzee mwenyewe, kisha aandike kwa Kiswahili. Iwapo hajui lugha hiyo, mzazi wake awe mkalimani, ili vizazi vitatu viketi pamoja. Nimeijaribu kazi hii. Usitarajie insha nadhifu. Tarajia mwanafunzi atakayerudi akisema, "Mwalimu, sikujua." Tahadhari moja ni muhimu: mzee asilazimishwe. Kimya chake pia ni jibu, na mwanafunzi afunzwe kukiheshimu.

Tatu, mwalimu asisahihishe ushuhuda kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi anapoandika yaliyomwumiza yeye au watu wake, soma kwanza kama binadamu. Makosa ya sarufi yatasubiri insha nyingine. Na ukisoma jambo linaloonyesha kwamba mtoto yumo hatarini sasa hivi, kazi yako ya uhakiki imekwisha na wajibu wa kumlinda umeanza: mwone mshauri wa shule na afisa wa watoto.

Nne, mwalimu aseme yake. Nilipowaeleza wanafunzi wangu kwamba nilivaa kibao na kwamba nilivisha wengine, darasa lilinyamaza kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Kisha mmoja akauliza, "Na uliwahi kuomba msamaha?" Sikuwa nimeomba. Nilimtafuta yule mwanamke wa Ruiru kupitia kwa wenzake waliosoma naye, nikaenda kwake, nikaomba. Mama yake alikuwa ameketi sebuleni. Nilisalimia kwa Kikuyu, lugha ambayo shuleni nilikuwa nimeipigia marufuku, nikaeleza kilichonileta. Yule bibi hakusema lolote kuhusu kibao. Alimwambia bintiye anipe chai, kisha akaanza kunieleza habari za shamba la kahawa alilofanyia kazi. Wajukuu wawili walikuwa wamekaa mlangoni. Mama yao alianza kuwatafsiria, bibi akamkataza kwa mkono, akarudia sentensi polepole, moja baada ya nyingine, mpaka yule mkubwa akaifahamu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kibao cha shuleni kina ukoo. Kilitanguliwa na kipande cha mashambani, kikapewa nguvu na kufungwa kwa shule za wananchi mwaka wa 1952, kikarithiwa na walimu wa nchi huru, tukiwemo sisi. Mjadala wa shule za bweni bado unaendelea nchini, na una sababu. Wanafunzi 67 waliteketea Kyanguli mwaka wa 2001, na wavulana 21 wakafa Endarasha mwaka wa 2024. Usalama wa mwili wa mtoto uje kwanza. Lakini hata bweni lenye milango mipana na vizima-moto vya kutosha halitakuwa salama ikiwa mtoto anapaswa kuiacha sauti yake langoni.

Wengi wetu tulifunzwa ualimu Kahawa, kwenye barabara ya kuelekea Ruiru na Thika. Mahali hapo palikuwa kambi ya jeshi la Uingereza, Templer Barracks, hadi ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka wa 1965 na kugeuzwa chuo, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ikiwa kambi iliweza kugeuzwa mahali pa kufunzia walimu, darasa letu haliwezi kushindwa kugeuzwa mahali pa kusikizana. Ukimaliza kusoma makala haya, mwalimu mwenzangu, fungua ile droo ya meza yako. Ikiwa kibao kingalimo, kitoe, uwaonyeshe wanafunzi wako, uwaeleze kilikuwa cha nini. Halafu uwaulize ni nani nyumbani kwao aliyewahi kukivaa.